Mtani Hakosi Msiba

Otmari Gama aliingia msibani amevaa nguo za marehemu. Kofia ya ujenzi ya Fidelisi ilikuwa kichwani kwake, koti lake la njano lenye kung'aa mabegani, na mwendo wenyewe ulikuwa wa Fidelisi mtupu: kifua mbele, mkono mmoja kiunoni, wa pili ukionyesha hewani mahali ambapo ukuta ungesimama.

"Hapa pana kasoro!" alifoka, akigonga nguzo ya turubai. "Nani kaipindisha nguzo hii? Mimi injinia wenu nikifa kidogo tu, mnaharibu kazi!"

Wanawake waliokaa mkekani wakacheka huku machozi yakiwatoka. Ndiyo kazi ya mtani hiyo. Mngoni akifika kwenye msiba wa Mhehe, au Mhehe kwa Mngoni, hakuna ruhusa ya kumnunia. Atavaa suruali ya marehemu, atamwita mwizi na mla mbwa, atalala mlangoni jeneza lisipite, ataingia kaburini na kukaa humo mpaka apewe chochote, na ukishamaliza kumlaani utakuta ndiye aliyechimba kaburi na kupasua kuni. Mababu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia dawa hiyo. Na hata miaka hii, ya magari yasiyo na dereva na mito inayoshtaki watu, hakuna aliyegundua dawa iliyo bora zaidi.

Ila siku hiyo Otmari hakuwa na jeneza la kuzuia.

Fidelisi Nyalusi alikuwa akikagua nguzo za daraja, mbele ya mafundi wake, mguu ukateleza, Mto Luvimbi ukampokea na haukumrudisha. Wazamiaji wa zimamoto walifika, wakavaa vifaa vyao, wakasimama ukingoni, wakavua tena. Hawakuruhusiwa kuingia. Kuoga na kuvua mto ulikwisha kuridhia, lakini kuchokonoa vilindi vyake, hapana. Luvimbi ulikuwa nafsi ya kisheria kama wewe na mimi, na mwili wa nafsi hautiwi mkono bila ridhaa ya mwenyewe. Sheria hiyo ilikuja baada ya mashamba makubwa ya juu kuufyonza mto mpaka samaki wakafia kwenye tope. Na aliyeandika kifungu hicho, akakipigania bungeni hadi sauti ikamkauka, alikuwa Yustina Nyalusi, dada wa marehemu na mlezi wa kisheria wa Mto Luvimbi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga hawakukosea.

"Yusta," mama yake alimwita. Alikuwa amekaa ukutani, miguu ameinyoosha, khanga imemfunika hadi kwenye nyusi. "Si wewe unayeusemea huo mto?"

"Ndiye mimi, mama."

"Basi kauambie unipe mwanangu. Na usinirudie na maneno ya kitabuni."

Yustina alitoka bila kumwangalia usoni, kwa sababu hakuweza.

*

Kinywa, mashine ya kuusemea mto, kilikuwa kwenye kibanda cha mawe juu ya maporomoko. Ndani hamkuwa na cha ajabu: kiti, spika, kioo chenye namba, na kisemeo kidogo cha kuvaa shingoni kwa ajili ya safari za mahakamani. Mambo yenyewe yalikuwa chini ya maji. Tangu chemchemi hadi mbugani vilitandazwa vihisi, vidogo kama punje za mtama, vikipima kasi, joto, tope, chumvi, mayai ya samaki, kiu ya mizizi. Mashine ilikusanya yote hayo na kujiuliza swali moja tu: kiumbe mwenye mwili huu, angekuwa na kauli, angesema nini? Kisha ikasema, na mahakama zikasikiliza.

Lugha ilibidi ifundishwe. Wataalamu walitaka Kinywa kiongee kama hakimu. Yustina akagoma, mto wa watu uongee kama watu, alisema, akapita ukingoni kote akirekodi wavuvi, wafua nguo na wafyatua matofali. Na hao walimwambia wazi: huyu Luvimbi ni mtani wetu. Anatunyang'anya ndala, anaondoka na ndoo zetu, tunamtukana, hanuni wala hatununi. Yustina alifurahi kupita kiasi. Akakifundisha Kinywa kanuni zote za utani, hadi za msibani. Walipomwuliza mto una shughuli gani na za msibani, alijibu kwamba mila haikatwi nusu. Jamani, mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

"Kamwene, Luvimbi," alisema, akikaa.

"Kamwene, mwizi wa ndoo."

Alizoea sauti ile, iliyosukwa kutoka kwenye sauti za watu wengi, wake kwa waume. Lakini leo palikuwa na kitu ndani yake. Mwisho wa sentensi ilikohoa. Kikohozi kifupi, kikavu, cha mtu aliyekula vumbi la saruji maisha yake yote.

Yustina alishika ukingo wa kiti. Fidelisi hakuwahi kurekodiwa, hata neno moja.

"Pole na msiba," mto uliendelea. "Nimevaa nguo zake. Unanionaje?"

"Nivulie!" alipiga kelele kabla hajajua anapiga. "Nivulie nguo za kaka yangu!"

"Mtani havuliwi. Ulinifundisha mwenyewe." Ukakohoa tena. "Nimekaa mlangoni, Yusta. Hapiti."

Hakuna aliyekuwa akimwita Yusta isipokuwa watu wa nyumbani. Alijikaza, maana mtani ukimwonyesha hofu umekwisha. "Haya, unataka nini? Nikuletee jogoo? Ugoro? Ulanzi mtungi mzima?"

"Jogoo ale nani, kambare? Namtaka mdogo wangu."

"Mdogo wako nani?"

"Kahemba. Alikuwa akinijia toka mlimani kila siku akiimba. Wakamvika bomba, wakamfukia mzima. Hakuna aliyelia. Hakuna mtani aliyekuja hata kunitukana. Aliyemfukia ninaye hapa, amelala ubavu. Saa yake bado inatembea."

Yustina aliukumbuka mkondo wa Kahemba vizuri. Ulipita katikati ya mji wa Ilulamo, mwembamba, wenye kelele. Fidelisi alipopata kazi yake ya kwanza kubwa, ndio alioutia ndani ya bomba la zege na kuufunika kwa kifusi, miaka mingi kabla sheria haijazaliwa. Nyumba za mtaa zilijengwa kandokando. Moja tu ilikaa juu ya bomba lenyewe, na ilikuwa nzuri kuliko zote, kwa sababu Fidelisi alimjengea mama yake.

"Juu yake kuna nyumba," alisema.

"Najua. Namsikia akikwaruza sakafu."

Swali alilokuwa amelikalia tangu alipoingia lilimtoka lenyewe. "Ulimuua?"

Namba kwenye kioo zilisimama zote. Hazikuwahi kusimama, mto hausimami. Halafu zikaendelea.

"Aliteleza," ulisema Luvimbi. "Ningeweza kumsukuma kwenye kichanga. Wengine huwasukuma. Huyu sikuona sababu."

*

Aliporudi alimkuta wakili Lameki Sanga, mtu wa mashamba makubwa, amechuchumaa mbele ya mama yake akitoa pole, viatu vyake vyeupe akivilinda na vumbi. Alipomwona Yustina alimvuta kando, upande wa jikoni.

"Dada, sikuja kwa ubaya. Hakimu yuko tayari kutusikiliza leo hii hii. Wewe useme jambo moja tu: Kinywa ni kibovu, na huo mto ni maji kama maji mengine. Wazamiaji wanaingia, kaka yako anatoka, anazikwa kwa heshima."

"Na kesho mnarudisha mabomba yenu."

"Kesho ina wenyewe. Leo mama yako analia."

Kwa kweli, msinihukumie mwanamke wa watu, alitamani kukubali. Alichoka. Angesema neno moja tu na kile kikohozi kingenyamaza milele. Ila aliwakumbuka samaki kwenye tope, na wanawake wa bondeni waliokuwa wakichimba mchanga kwa vikombe kutafuta maji ya uji.

"Sema!" Mama alikuwa amesimama nyuma yao, amesikia yote. "Unangoja nini? Hao wa bondeni wana wana wao. Wangu yuko matopeni!"

Hapo Yustina akamweleza mto unadai nini. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaitazama nyumba yake, toka msingi hadi bati.

"Nyumba hii Fidelisi kanijengea mimi, niliyemlea kwa kuuza togwa," alisema taratibu. Sauti ikapanda. "Uniulie mwana, kisha unidai na alichoniachia? Huo si utani, ni unyang'anyi!"

"Ni vyote viwili, mama," Otmari alisema. Alikuwa ameivua ile kofia na kuikumbatia. "Sisi Wangoni tuliwaanza ninyi kwa unyang'anyi huohuo. Lakini Yustina, wewe mla mbwa, nikuulize. Mto unasema umefiwa. Ninyi ni watani wake. Nani kati yenu alikwenda msibani kwake?"

Otmari alizungusha macho kwa kila mmoja.

"Basi unakudai wewe tu, wewe huudai. Utani gani wa njia moja? Kaburi la huyo mdogo wake si lipo?"

Yustina alitazama chini, kwenye mfuniko wa chuma uliokuwa nyuma ya jiko, ambao mama alizoea kuanikia mihogo.

*

Bomba lilikuwa la mtu kupita akiinama. Kahemba haukufa kabisa. Ulikuwepo utepe wa maji, wa kina cha vidole, ukipita gizani bila sauti. Hilo ndilo lililomtisha Yustina kuliko giza lenyewe. Mkondo aliochezea utotoni ulikuwa ukipiga kelele siku nzima, sasa ulipita kama mtu anayenyata kwenye nyumba ya wagonjwa. Juu ya kichwa chake alisikia wimbo wa waombolezaji ukipenya sakafuni.

Akalala chali ndani ya maji, kama mtani alalavyo kaburini, akabonyeza kisemeo cha kibandani alichokivaa shingoni.

"Luvimbi! Mla ndala wee! Nimekuja kwenye msiba wa mdogo wako. Msiba gani huu usio na hata kahawa? Na huyo mdogo mwenyewe mnayemlilia, mwembamba kama mkojo wa mbuzi!"

Juu, wimbo ulikatika. Walikuwa wamemsikia.

Kisha likaja jambo ambalo Yustina hakuwahi kulisikia tena maishani. Bomba lilicheka. Kicheko kilitoka upande wa mlimani na upande wa mtoni kwa pamoja, kikakutana kifuani pake.

"Toka," ulisema mto.

"Sitoki. Nipe changu."

"Maji yatapanda."

"Yapande. Utakuwa na Wanyalusi wawili, uone kama utapata usingizi kwa kelele zetu."

Yakaanza kupanda. Na hayakutoka mlimani. Yalitoka mtoni, yakipanda mteremko, baridi, yakimwingia masikioni, shingoni, kidevuni. Wimbo wa juu ulimfikia sasa kama unaimbwa nchi nyingine. Alianza kulia, kwa hofu na kwa kumkumbuka kaka yake, maana Fidelisi ndiye aliyemfundisha kuogelea katika mkondo huuhuu, akimshika kiuno na kumwambia tulia, Yusta, maji hayana haraka.

Akaona mwanga. Nuru ndogo ya kijani ilikuwa ikija kutoka upande wa mto, chini ya maji, polepole, ikiyumba. Ilikuwa saa. Iliwaka mkononi mwa mtu aliyelala ubavu, akisukumwa taratibu dhidi ya mteremko kama mtoto anayepelekwa kitandani. Kidole chake cha kwanza kikamgusa Yustina kwenye unyayo.

"Nimekulipa cha msiba wangu," kisemeo kilisema, kikakohoa. "Cha msiba wako nitakuja kukidai mwenyewe."

Maji yakarudi yalikotoka. Yustina alimkumbatia kaka yake gizani, akaita mpaka mfuniko ukafunguliwa.

*

Walimzika kwenye makaburi ya mlimani, mbali na mto, pakavu kiasi kwamba Otmari na wenzake walivunja mpini wa sururu wakichimba. Ilikuwa kiangazi. Udongo ulitoka mwekundu na mkavu kama unga. Mtaa mzima ulipanda kusindikiza, nyumbani hakubaki mtu.

Jeneza lilipowekwa kando ya kaburi na padri akamaliza, Otmari alijifunga kibwebwe ili aingie kaburini kufanya vituko vyake, adai cha kwake. Alichungulia, akarudisha mguu.

"Nafasi yangu ina mtu," alisema.

Watu walisogea. Chini kabisa ya kaburi, pale palipokuwa pakavu wakati wa sala, palikuwa na maji. Maangavu, yametulia, yamejaa kona hadi kona, kama aliyekunja miguu akaenea. Anga haikuonekana ndani yake wala nyuso za waliochungulia. Kwenye shingo ya Yustina kisemeo kikakohoa.

"Nimekaa," ulisema mto.

Mwanamke mmoja akaanza kupiga ishara ya msalaba na hakujua aimalizie wapi. Wakili Lameki alijipenyeza mbele, safari hii hakuvikumbuka viatu vyake vyeupe. "Ni maji ya ardhini tu! Nina pampu kwenye gari. Dada Yustina, wewe ndiye mlezi wake, hakuna mwingine mwenye kauli. Sema mbele ya watu hawa kwamba hayo ni maji, basi, nayavuta sasa hivi na kaka yako analala."

Macho yote yakamgeukia. Na alijua, kama alivyojua jina lake, kwamba akisema ni maji hapa, yatakuwa ni maji kila mahali, toka chemchemi hadi mbugani. Alimtazama mama yake. Mama hakuwa akimtazama yeye, alitazama ndani ya kaburi.

"Si maji," Yustina alisema, akapiga magoti. "Ni mtani. Mama, nisamehe. Nimesema lililo kweli. Lakini anachokidai ni chako, sina mamlaka ya kukitoa, na sitakulazimisha. Ukikataa, tutakaa naye hapa mpaka achoke yeye au sisi."

Mama aliendelea kuyatazama maji, mpaka wanaume waliokuwa wameshika kamba wakaanza kubadilishana mikono. Kisha akasogea ukingoni, akachutama.

"Mshenzi wee," aliyaambia maji, sauti ya kawaida kabisa, kama anamsema jirani. "Ulimwona akianguka, ukamtazama. Umevaa nguo zake, umeiba na kikohozi chake. Sasa umekaa kwenye kitanda chake."

Maji hayakujibu. Mtani akisemwa husikiliza.

Mama alifungua fundo la khanga kiunoni, akatoa ufunguo. Aliugeuza kiganjani, upande huu, upande ule. "Alinikabidhi mkononi," alisema. "Akaniambia, mama, hutalowa tena."

Akauachia.

Ufunguo uliingia bila mlio na bila kiwimbi. Yale maji yakashuka, yakitoa sauti ya mtu mzito anayeinuka mkekani, na yalipokwisha udongo wa chini ulikuwa mkavu kama unga, bila ufunguo, bila hata unyevu. Otmari alishuka akaupapasa kwa viganja vyote viwili, akapanda, akatikisa kichwa.

Ndipo kutoka mjini ikaja sauti ya sakafu ikipasuka, ndefu, ikifuatiwa na bati zikilala moja juu ya nyingine. Vumbi likainuka mahali paliposimama nyumba nzuri kuliko zote mtaani. Watu walishika vichwa. Vumbi lilipoanza kutua, ikaja sauti nyingine nyuma yake, nyembamba, yenye kelele, ambayo vijana wote waliokuwa pale hawakuwahi kuisikia, na wazee wakatazamana.

Mama aliinamisha kichwa kuisikiliza, machozi yakimdondoka kwenye vumbi la kaburi.

"Kumbe ni kweli," alisema. "Nyumba yangu yote ile, kwa mkojo wa mbuzi."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Kisemeo shingoni mwa Yustina ndicho kilichocheka, kicheko cha sauti nyingi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie, hakikuishia na kikohozi.

"Amevua nguo za kaka," Yustina alinong'ona.

Mama aliinuka, akakung'uta magoti. "Basi mshusheni mwanangu," alisema, "kabla hajabadili mawazo."